Marehemu Alisaini Juni

Benchi yetu iko nyuma ya soko la Molo, pale lori za viazi hupakia, na asubuhi hiyo ya baridi tulikuwa watatu na birika moja ya kahawa. Bethwel tunamwita Korti, kwa sababu alibeba mafaili mahakamani miaka ishirini. Darweshi ni Injinia, hutengeneza redio. Mzee Kiprugut akatujia na bahasha. Dada yake Chepkirui tulikuwa tumemzika Aprili.

— Nimeitoa kwa sanduku lake la posta. Korti, nisomee. Pengine ni macho yangu.

Bethwel akasoma polepole: "Mimi, notari, nathibitisha kwamba Chepkirui amefika mbele yangu leo, tarehe kumi na nne Juni, akakubali mjukuu wake Celestine, aliye chini ya ulezi wake, apelekwe kuishi ng'ambo."

Chini, muhuri mwekundu.

— Juni? Si alikuwa ashazikwa! Darweshi akasema.

— Makosa ya taipu hiyo, Bethwel akasema, lakini hakutuangalia machoni.

— Wacha, Korti, nikamwambia. Si ulituambia notari ni wakili wa karatasi za kwenda nje? Na lazima mtu asimame mbele yake, aonyeshe kitambulisho, asaini yeye akiona?

— Ndiyo sheria.

— Basi nani alisimama?

Darweshi akashusha sauti.

— Walimchukua alama ya kidole mochari. Nimesikia watu hufanya.

— Kidole gani, Injinia? Hii ni sahihi, Kiprugut akasema. Na ni mwandiko wake.

— Basi mzee, sijui nisemeje. Pengine alikuja mwenyewe.



Kulikuwa na msichana amesimama hapo akingoja kahawa, mgeni kwetu. Baadaye tulijua anaitwa Akoth.

— Samahani mzee. Kitambulisho cha marehemu, chenye sahihi yake, kilibaki na nani?

— Kipngetich, kijana wake. Alisema anafuatilia cheti cha kifo.

— Na mtoto? Saa hii ako na nani?

Shule zilikuwa zimefungwa. Kiprugut alikosea namba mara mbili kabla jirani yake Jepchumba, aliyemwachia mtoto, hajashika simu.

— Celestine? Ako hapa, anavaa viatu. Si umemtuma Kipngetich amchukue? Gari iko kwa geti.

— Asivae! Jepchumba, mshike huyo mtoto! Funga mlango!

Tukasikia mlango ukigongwa, kisha mtoto akilia, kisha simu ikakatika.

Tulienda na boda mbili. Gari ilikuwa imeondoka. Celestine tulimpata chini ya kitanda cha Jepchumba, na alikataa kutoka hadi babu Kiprugut alipolala sakafuni kando yake.

Kipngetich alishikwa Jumatatu. Notari aliwaambia polisi kwamba alimwona mama mzee, amejifunga leso kichwani, anakohoa. Alimlinganisha na picha, akamwapisha, akamwona akisaini. Huyo mama ni nani, Kipngetich hajasema mpaka leo.

Siku hizi, mama yeyote wa rika hilo akipita sokoni na leso kichwani, Kiprugut humvuta mtoto karibu, akimwangalia mama huyo usoni mpaka apite.