Bamvu la Kina Yusra

Ndani ya gari la Jambiani, Yusra alikuwa keshahojiwa kila kitu na jirani yake wa kiti, Bi Mwanaasha, mkulima wa mwani. Yusra na wenzake watano kule Fumba wanatengeneza programu ya simu, ya kuwaita wanunuzi mwani ukishakauka, na leo wakulima wenyewe wangeiona kwa mara ya kwanza.

"Kila asubuhi tunasimama robo saa," alieleza Yusra, "kila mtu aseme jana kafanya nini na wapi kakwama." "Mnasimama? Viti hamna?" "Tukikaa, Bi, maneno hayeshi." "Hapo mna akili."

"Na kila wiki mbili lazima kipande kimoja kiwe tayari. Tunaita sprinti."

"Wiki mbili ni bamvu, mwanangu. Kila bamvu maji ya bahari yakitoka sana, tunashuka shambani. Hiyo sprinti yenu mie nnaifanya tangu mama yako hajaolewa."

Yusra akacheka, maana yeye alikaa darasani miezi mitatu kuisomea.

"Lakini mie mwani mbichi simpelekei mnunuzi. Wewe unatuletea kazi nusu?"

"Nyinyi si wanunuzi, Bi. Nyinyi ndio wenye shamba. Mkisema hapa pabaya, tunapang'oa, na bamvu lijalo tunarudi."

"Kazi nusu ni kazi nusu," alisema Bi Mwanaasha, ila safari hii kwa sauti ya mwenye shamba.

Gari likasimama. "Wapo thalathini wanaokungoja," Bi Mwanaasha akaonya akishuka, "na hakuna hata mmoja anayejua kunyamaza."

"Hao ndio nnaowataka," akajibu Yusra, akamfuata kifua mbele.