Komeo la Nje

Mbele yangu kwenye basi, mwanamke alikuwa amepakata komeo jipya. Jirani yake, fundi milango asiyejua kunyamaza, akalichukua na kuligeuza mkononi. “Hili ni la kufunga kwa nje, dada. Unamfungia nani?”

“Simfungii. Namhifadhi mama yangu. Akitoka siku hizi hajui kurudi.”

“Hata ng'ombe huhifadhiwa zizini.”

Nilitamani fundi ashuke. Dada hakukasirika. “Mwenyewe ndiye aliyenituma nilinunue. Leo asubuhi akili zilimrudia, akalia, akaniomba nimfungie.”

Fundi akamrudishia komeo taratibu. “Na jioni akilia umfungulie,” akauliza kwa sauti ya chini, “utamsikiliza mama yupi?”

Basi likasimama. Kondakta akamwita dada: kituo chake kilikuwa hicho. Hakuinuka.