Aristides Rwegoshora, Aliyetoka Kwenye Foleni

Marehemu Aristides Rwegoshora alizaliwa tarehe 14 Machi 1937, Kamachumu, Bukoba. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akaja Dar es Salaam mwaka 1958 kushona suruali kwa Bwana Pankaj wa Upanga. Mwaka 1963 alifunga ndoa na Selina.

Biashara huria iliporuhusiwa nchini, mwaka 1987 alifungua duka lake la vitambaa Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Vitambaa vya nje viliingia kwa fujo, vingi feki, naye hakuamini lebo yoyote. Alitembea na kiberiti mfukoni, akichoma uzi mmoja mbele ya muuzaji kujua kama ni pamba au nailoni. Hata shela ya binti yake aliichoma uzi, asubuhi ya harusi yenyewe.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1996, wauguzi walikuja mtaani kupima wanaume tezi dume, bure. Kipaza sauti kikatangaza tu: wanaume njooni mpimwe. Kwa Kariakoo ya siku hizo, kupimwa kulikuwa na maana moja, ukimwi. Marehemu alikuwa wa nne kwenye foleni. Mdogo wake Wilbert, anayewasomea wasifu huu, alikuwa wa tano. Marehemu alipoona wauza mchicha wanawatazama, alimnong'oneza mdogo wake: “Tukionekana hapa, kesho Selina atanunua mboga kwa nani?” Wakatoka wote wawili, wakisingizia kwamba walikuwa wanatafuta choo.

Mwaka 1998 mkojo ulianza kumsumbua, kisha mgongo. Hospitali ikakuta saratani ya tezi dume, imeshafika kwenye mifupa. Alipokonda, maneno aliyoyakimbia yakamfuata hadi dukani, na mgahawani kikombe chake kikatengwa. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 8 Juni 1999.

Familia imekataa kuandika “aliugua kwa muda mrefu”, maana tunajua mnavyoyasoma maneno hayo. Cheti cha daktari kiko mezani pale, kando ya daftari la rambirambi. Mwenye shaka akakisome. Na hata ungekuwa ugonjwa ule mwingine, tungemzika hivi hivi, kwa heshima hii hii.

Ameacha mjane, Selina, watoto wanne, wajukuu tisa na mdogo wake mmoja. Siku mbili kabla ya kufariki alimshika mdogo huyo mkono, akamwambia: “Wilbert, rudi kwenye foleni.” Wilbert alipimwa juzi. Majibu ni Jumatatu.

Mungu ampe pumziko, nanyi mumpe amani.