Tindo na Mashine Iliyombana Mkono

Haya, wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, maana leo tunamkumbuka mtu ambaye hakujua kupunguza chochote. Fundi wa bodi za magari. Mtaa mzima ulimwita Tindo. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Tindo, fundi bodi, mume wa mke mmoja, baba wa binti mmoja, amefariki wiki hii akiwa kazini kwake, gereji.

Tindo alikuwa mkali, jamani. Tusimpake mafuta kwa sababu amekufa. Alimtupa muuza vipuri kwenye pipa la oili chafu. Alimng'oa jino dereva wa lori kwa ngumi, halafu wakalitafuta wote wawili chini ya lori wakitumia tochi moja. Mkewe anasema, "Nyumbani kwangu hakuna mlango wenye kitasa kizima."

Hasira hiyo aliirithi kwa baba yake. Mzee yule alipatwa na kiharusi akiwa anamchapa Tindo. Tindo yuko sakafuni, mdogo, amefumba macho, anasubiri mkanda ushuke. Haukushuka. Akafumbua macho. Akaona mkono umebaki juu, mdomo umepinda, na mzee anamwangukia mzima mzima. Baba alifia juu ya mwanawe. Tangu hapo Tindo aliogopa kitu kimoja tu duniani: kufa ngumi imekunjwa.

Kwa hiyo madaktari walipotangaza utafiti wa moyo, Tindo alifika kliniki hata kabla ya mlinzi kufungua geti. Walitaka watu wenye presha ya juu wajaribu kidonge kipya, ionekane kama kinazuia kiharusi na mshtuko wa moyo. Wakamweleza kila kitu. Kwamba halazimishwi. Kwamba anaweza kujitoa siku yoyote. Akakubali. Wakampa na mashine ya kupima presha: kitambaa cha kufunga mkononi, kijisanduku cha kuvaa kiunoni. Unashinda nacho, unalala nacho. Kila baada ya muda kinajaa upepo, kinabana. Kikibana, unaacha unachofanya, unalegeza mkono, unatulia.

Tindo! Atulie!

Aliogopa namba zikitoka mbaya watamtoa, akose kidonge. Sasa pale gereji mafundi wanashikiana zamu. Mmoja akichelewa, mwenzake anavaa ovaroli yake, anagonga mabati, tajiri asikie kelele aridhike. Tindo akafanya kigereji. Mashine akamfunga mkwe wake, mume wa bintiye, fundi wa kupaka rangi hapo hapo gereji. Wanamwita Baridi. Kijana mtulivu mpaka nzi wanatua juu yake wanapumzika.

"Baba mkwe aliniambia, vaa, kapake rangi, usiulize," Baridi anasimulia. "Nikavaa. Na sikuuliza."

Namba zikatoka tamu! Kliniki wakafurahi, dozi wakaiacha ndogo vile vile. Na Tindo? Kichwa kinampasua kila asubuhi. Damu ya pua inadondoka kwenye boneti, anaifuta kwa tambara la grisi, anaendelea kugonga.

Awamu ya pili ya kuvaa mashine ilipofika, mkewe alikwenda kumsalimia bintiye. Akamkuta Baridi anakula, mkono mmoja umefungwa kitambaa. "Hiyo si ya mume wangu?" Baridi akameza tonge. Hakujua kudanganya, basi akaitikia kwa kichwa.

Mama alitoka pale bila viatu. Akaingia gereji, akanyakua nyundo mkononi mwa mumewe, paa! Kioo cha mbele cha gari la mteja kikamwagika chote.

"Mke wangu, una wazimu?"

"Mimi ndiye mwenye wazimu? Unataka kunifia juu kama baba yako alivyokufia wewe? Sema! Navunja na cha nyuma!"

"Nitavaa! Weka nyundo chini, mama watoto, nitavaa!"

Akavaa. Na siku hiyo hiyo mwenye gari akaja. Muuza mbao, kifua kama kabati. Kuona kioo, akarusha teke, Tindo akamdaka kola, akambamiza ukutani, ngumi ikapanda juu. Mara: vuuuu! Mashine ikabana.

Tindo akaganda. Mkono ule wa ngumi akaushusha, akaulegeza. Wa kushoto bado umeshika kola.

"Subiri," akasema. "Inapima."

"Inapima nini?"

"Kama nitakufa."

Muuza mbao akasubiri! Wanaume wawili wanahema, damu kwenye mdomo wa mmoja, wanasikiliza kijisanduku. Kilipomaliza, Tindo akaitazama kola mkononi mwake, akaiachia. Akamwambia, "Kioo nitakuwekea."

Namba za siku ile zilimfanya nesi apige simu mwenyewe. "Mzee, hizi za nani?"

"Zangu."

"Na zile za mwanzo?"

"Za mkwe."

Daktari alimfokea, na Tindo, yule Tindo, alifokewa akiwa ameinamisha kichwa. "Unajua watu wangapi wangepewa dawa kwa kuuamini mkono wa mkwe wako?" Hilo lilimuuma kuliko ngumi yoyote. Namba za uongo zikatupwa, dozi ikapandishwa. Akaomba asiondolewe kwenye utafiti. Wakamwacha aendelee. Hakukosa kliniki tena. Na mafundi wenye shingo nene aliwapeleka kupimwa presha kwa kuwaburuza, kola mkononi. Tabia haikuisha yote, tusidanganyane.

Nesi amenitumia ujumbe, ninao hapa kwenye simu: "Mara ya mwisho presha yake ilikuwa nzuri. Alicheka, akauliza kama ni ya Baridi."

Wiki hii, wasikilizaji wapendwa, injini ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo. Baridi kainama chini yake anaokota brashi. Mnyororo ukakatika. Tindo akaruka, akamsukuma mkwe kwa viganja vyote viwili. Injini ikamshukia yeye. Moyo haukumuua. Kiharusi hakikumuua. Ni chuma.

Kwa mjane, pole sana, mama. Kwa binti, kwa mafundi wote wa gereji, poleni. Na wewe unayenisikiliza, ambaye presha yako unaijua ila unamficha daktari: leo umemvalisha nani mashine yako?

Baridi analo shati la siku ile. Mgongoni lina alama mbili za grisi, viganja viwili, vidole vyote vimekunjuka. Mkewe alitaka kulifua, akamkatalia.

"Watu wananiuliza kama baba mkwe aliwahi kunipiga," anasema. "Nawaambia, mara moja tu. Ni hiyo."