Kisanduku cha Dzalo Kinarudi Nyumbani

Muheshimiwa Mwakilishi wa Meya wa muji wetu wa Bunia. Bwana Mukaguzi wa masomo. Bwana Chef wa quartier Saio, mutaa wetu huu. Mapadri, wachungaji na Sheikh wetu, ambao leo mumeketi kwenye musitari mumoja bila kusukumana. Ndugu zetu wa shirika lililotuletea mutandao. Muzee Aaron, Préfet wa Institut Dzalo, mukubwa wa shule kama mimi, ndugu yangu na mugomvi wangu. Walimu wa shule zote mbili. Wazazi wa Saio na wazazi wa Dzalo. Na nyinyi wanafunzi mulioko pale nyuma munaojifanya munasikiliza: jambo yenu wote. Kama nimeruka mutu, asinune. Chakula kitamufikia.

Kiswahili cha protocole kimeishia hapo. Sasa nitaongea kile chetu cha kila siku, juu ya leo nina furaha, na furaha haipendi viatu vya kubana.

Camion iko pale inje mumeiona. Mabenchi yamekwisha kupakiwa. Institut Dzalo, iliyokuwa mugeni wetu ndani ya lupango hii ya shule yetu, Tuinuke, tangu vita ilipoifukuza kule Dzalo, upande wa Djugu, leo inarudi kwao. Wahenga walisema mugeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, tumepona. Lakini wahenga hawakutuambia kwamba mwenyeji atasumbuliwa kwanza, na ndugu zetu wa shirika wameniomba nieleze ile sumbuko, maana wao walituletea plan nzuri ya mutandao wa darasa zetu, plan ya ingénieur, halafu walipokuja kukagua wakakuta kisanduku kimoja kinakaa juu ya miti mitatu. Waliogopa kuniuliza. Leo nitawaambia bila kuulizwa.

Ndugu wageni waalikwa, ni nani kati yenu asiyejua zile darasa za mbao na bâche ya turubai kule mwisho wa uwanja? Ndipo Dzalo ilipoishi. Walifika na nini siku ile? Na watoto, na walimu wao, na jante ya camion, kile chuma cha gurudumu, waliyokuwa wakiipiga kama kengele. Muzee Aaron alikuwa amewaambia vijana waibebe kwa zamu njia yote. Mutu anakimbia risasi, naye anabeba chuma! Nilipomuuliza, alinijibu kwamba shule isiyo na kengele ni site ya wakimbizi tu. Basi wakakata miti mitatu ya eucalyptus, wakaifunga pamoja kule juu, wakaitanua miguu yake chini, jante ikaning'inia katikati. Hawakuchimba hata shimo moja. Wakati ule sikuliangalia jambo hilo.

Halafu shirika likaja na habari njema: internet ya hewani kwa kila darasa, ili finalistes wetu, wale wa mwaka wa mwisho, wajitayarishe kwa examen d'État, ule mutihani wa taifa, bila kumaliza pesa ya mama zao kwa kununua mega. Lilikuja na sharti pia, sharti zuri: kila darasa ndani ya lupango ipate, ya mwenyeji na ya mukimbizi, ao hakuna darasa hata moja itakayopata. Nilisema ndiyo kabla hawajamaliza kusema.

Wakatutumia Delphin, kijana wetu wa quartier Lumumba, fundi wa mitandao. Simama, Delphin, watu wakuone. Huyu aliingia kila darasa na machine yake, akasimama kila kona ameinamisha kichwa kama mutu aliyepoteza ufunguo. Alitufundisha kwamba tofali la kuchoma linakula mutandao, ukuta wa mbao hauuzuii sana, na mvula ikipiga mabati hamutamusikia mwalimu lakini mutandao utaendelea kufanya kazi. Akachora: antenne juu ya bureau yangu, na vile visanduku vyeupe vinavyomwaga mutandao hewani, ambavyo yeye anaviita borne, sita kwa majengo yetu ya matofali, na ya saba kwa Dzalo. Hiyo ya saba ingekaa juu ya nguzo ya chuma iliyosimikwa kwa sima, ile saruji ya kujengea, na câble yake ingepita ndani ya mufereji uliozibwa kwa sima. Kazi safi. Nilikuwa tayari kutia sahihi.

Tukaita mukutano wa wazazi. Delphin akaonyesha plan. Muzee Aaron akaiangalia, akaigeuza, akairudisha mezani polepole.

"Musimwage sima," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza, na sauti yake ile ya chini inayofanya mutu asogeze kiti. Alisema kwao mugeni hapandi muti wa matunda wala hamwagi sima kwa uwanja wa wenyewe, juu ya ukifanya vile umesema hapa ni pangu. Wazazi wa Saio wakiona sima watasema Dzalo inataka kubaki na uwanja. Wazazi wa Dzalo wakiona sima watasema hakuna kurudi tena. Leo nguzo, kesho ukuta, na keshokutwa hata watoto watasahau kwamba walikuwa na kwao. Shule yao, alisema, imebaki na jina tu, na hilo jina halitazikwa chini ya nguzo.

Papa Fiacre, muzazi wa hapa Saio, akasimama palepale. Nilifurahi, nikajua ananisaidia. Kumbe naye alisema ile sima imemunyima usingizi tangu alipoisikia! Ndugu zangu, tangu Dzalo ifike hapa, wazazi wa pande mbili hawakuwahi kupatana juu ya kitu. Hata juu ya choo hawakupatana. Siku ile walipatana, na walipatana kunikatalia mimi.

Je, ningefurahi? Nilikasirika, tena sana. Niliona watoto wote wa lupango hii wanakosa mutandao kwa sababu ya mufuko wa sima. Nikamuuliza mbele ya watu, "Muzee Aaron, finalistes wako watafanya examen na nini? Na jante?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akachukua kofia yake.

"Ndiyo, Mama Préfet. Na jante."

Akamushika Delphin mukono, akamupeleka inje, na siye wote nyuma yao kama watu wa arusi. Akamuonyesha ile miti mitatu. Akasema hii imesimama bila sima tangu tulipokuja, upepo umekuja umerudi; weka kisanduku chako pale juu, na siku siye tutaenda, tutaenda nacho. Delphin maskini! Kule alikosoma hakuna plan yenye miti mitatu. Aliishika, akaitikisa, mwishowe akaning'inia kwa mikono miwili mupaka shati likatoka ndani ya suruali. Miti haikusogea. Akachukua kalamu, akafuta nguzo ya chuma, akafuta mufereji, na câble ikapita hewani juu ya uwanja, mahali ambapo alituhakikishia mupira hautafika. Mupira ulifika. Alirudi akaipandisha.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka. Kila jante ilipopigwa, miti ilitetemeka, câble ikalegea, na mutandao wa Dzalo ukakata. Wanafunzi wakaanza kusema kengele inakula mutandao. Kuna mwalimu aliyependekeza kengele inyamaze. Muzee Aaron alimuangalia tu, na mwalimu akakumbuka kazi nyingine. Ni Delphin aliyeitundika jante kwa kipande cha chambre à air, ule mupira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, na tangu siku hiyo inalia bila kutikisa kitu.

Kisha likaja jambo la jina. Visanduku vyote vilikuwa na jina letu, Tuinuke na namba yake, hilo jina linaloonekana kwa telefone mutu akitafuta mutandao. Muzee Aaron, aliyekuwa amepata kila kitu alichotaka, aliomba tena kimoja: cha saba kisiitwe Tuinuke, kiitwe Dzalo. Nilimwambia kisanduku hakijui kusoma, kiiteni munavyopenda.

Siku chache baadaye mulinzi wetu akanijia mbio jioni. Watu wa site ya wakimbizi wamejaa kwa lupango, anasema, wameinua telefone, wanaiba mutandao. Munanijua. Nilitoka na hasira yangu yote. Nikawakuta wamesimama kimya, wamama wengi, na mbele yao Mama Alphonsine, yule ambaye ninyi wote mumekula mandazi yake pale mulangoni, na ambaye alikuwa akienda mupaka soko la mbali la Ariwara kutafuta bidhaa ili watoto wake wasilale njaa. Nikamuuliza ni nani aliyewapa code. Akanigeuzia telefone nione mwenyewe.

"Hatuna code, Mama Préfet. Hatuingii. Tunaangalia tu jina."

Nikaangalia. Dzalo. Limeandikwa vizuri, na alama ya mutandao kando yake. Yule mama alikuwa amekaa muda mrefu bila kuliona jina la kwao limeandikwa mahali, isipokuwa ndani ya habari za watu waliokufa. Nilirudi ndani. Nikamwambia mulinzi awape mabenchi.

Tangu jioni ile, waheshimiwa, hata mimi nilipata ugonjwa wao. Kila asubuhi nilifungua telefone kuangalia kama Dzalo iko. Munakumbuka: mara mbili walifunga mizigo, na mara mbili habari mbaya ya njiani ikawafanya waifungue. Nilipoliona jina nilipumua, kwa sababu watoto hawakuwa njiani. Kisha roho iliniuma, kwa sababu hawakuwa kwao. Ni vigumu kuombea mugeni wako aondoke na abaki katika sala moja. Padri, utanieleza siku nyingine kama sala ya namna hiyo inafika.

Imefika. Leo ninaweza kusema imefika! Familia zilitangulia, zikalima, zikavuna. Mabati yamerudi juu ya darasa za Dzalo. Ile harufu ya viazi inayowafanya munitazame mimi huku pua ziko kwa jiko, ni viazi vya Mama Alphonsine, vimetoka kwa shamba lake mwenyewe, na amevileta mwenyewe. Mama, simama. Munaona namna amenenepa? Njaa ya Bunia ilimukondesha, udongo wa kwao umemurudisha. Asante Mungu. Nasema tena, asante Mungu.

Juma lililopita Muzee Aaron alimuchukua Delphin, wakaenda Dzalo kuchora plan ya kule. Delphin akasimama tena kila kona na kichwa chini. Waliporudi, walikishusha kisanduku kutoka kwa ile miti mitatu, wakakifunga ndani ya blanketi kama mutoto. Na miti yenyewe imekwisha kupakiwa pamoja na jante. Mukienda kuangalia mwisho wa uwanja, mutakuta alama tatu ndogo kwa udongo, na mvula ya kwanza itazifuta. Papa Fiacre, uwanja wako ni ule ule. Wameuacha kama walivyoukuta, na mimi nasema mbele ya serikali kwamba sijaona wageni wenye heshima kama hawa.

Leo asubuhi, kwa mazoea, nikafungua telefone. Tuinuke, Tuinuke, Tuinuke. Nikashuka mupaka chini ya musitari. Dzalo haiko. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kukosa mutandao na kuimba.

Nimebakiza kitu kimoja, kisha nitawaachia viazi.

Siku aliporudi kutoka Dzalo, Muzee Aaron alikuja bureau yangu kabla hata hajaoga vumbi la njia. Hakukaa. Nikamuuliza juu ya njia, akasema nzuri. Nikamuuliza juu ya majengo, akasema mazuri. Kisha akaanza kuizungusha kofia yake mikononi, na mimi nikaogopa, nikajua kuna habari iliyofichwa. Akasema Delphin anataka nguzo moja kule katikati ya uwanja, ya kubeba kisanduku. Nikamwambia basi shida iko wapi, si unayo miti yako mitatu?

"Hapana, Mama Préfet," akasema. "Kule kwetu tunataka sima."

Mimi, mutu wa maneno mengi kama munavyosikia, nilitafuta kitambaa tu. Nililia. Naye alilia, lakini yeye atasema ilikuwa vumbi.

Nilipowaambia wazazi wa Saio, wa kwanza kuleta mufuko wa sima alikuwa Papa Fiacre, aliubeba kwa bega lake mwenyewe, yeye na mugongo wake ule anaotulalamikia kila mukutano. Wengine wakafuata. Ndugu wa shirika, hiyo haimo ndani ya plan yenu, lakini naomba muiandike.

Mwenda kwao si mutumwa, watu wa Dzalo. Endeni salama. Tumeishi vizuri, tumegombana vizuri, na mulango huu munaujua. Nyinyi wageni wetu wote, aksanti kwa kunipa masikio yenu mupaka mwisho, hata wale ambao tumbo lao liliacha kunisikiliza zamani.

Na weye, Muzee Aaron, mifuko yako iko juu ya camion, chini ya bâche ile iliyokuwa paa ya finalistes wako. Nenda kwenu, ndugu yangu. Mwaga sima.