Aliyemkatalia Nadine

Benchi lililo mbele ya duka la dawa la Lyndell, katika mji wao mdogo wa milimani Arkansas, lina wenyewe. Yupo Shemasi, ambaye hajawahi kuwa shemasi wa kanisa lolote. Yupo Kikaango, aliyezeeka akiuza kambare wa kukaanga. Na yupo Orval, aliyemzika mkewe Nadine mwezi wa nane. Kahawa huitoa Lyndell mwenyewe. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba bunge la jimbo limewakataza madalali wa dawa, wale wanaoiamulia bima ilipie nini, kumlazimisha mgonjwa kuagiza dawa kwa posta.

— Wamekatwa kucha, alisema Kikaango. Bima huku, duka kule, wao katikati wananyonya kama kupe.

— Wao nani? Pale hakuna watu, bwana. Ni mashine tupu, imefukiwa jangwani.

— Mashine haina tamaa, Shemasi. Nasikia ni ndugu watatu, hawazeeki. Dawa nzuri zote wanameza wao.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, asiyekuwepo na lake halipo.

— Umeikosea hiyo. Hawa hawapo, na lao lipo.

Orval alitazama kikombe chake. Insulini ya Nadine, dawa yake ya kisukari, ilikuwepo kwenye friji ya Lyndell, nyuma ya ukuta huo huo alioegemea. Lakini bima iligoma kulipa mpaka dawa ije kwa posta. Ikaja katikati ya joto la Julai, ikashinda juani ndani ya sanduku la barua la bati mpaka ikaharibika. Nadine akajidunga hiyo hiyo, maana hawakuwa na nyingine.

— Sheria imekuja, ndugu yangu, Kikaango akamwambia taratibu.

— Imekuja. Mwenye kuihitaji kaondoka.

Gari likasimama, akashuka mwanamke mwenye mkoba. Alikuwa mkaguzi wa bima wa jimbo. Lyndell ndiye aliyemwita. Mgeni akamshika Orval mkono.

— Pole kwa msiba, mzee. Nataka nianze na mtu mwenye jina. Aliyemkatalia mkeo dawa ya hapa anaitwa nani?

Shemasi akamgeukia Kikaango. Kikaango akatazama barabara. Lyndell, mlangoni na birika lake, akatikisa kichwa.

Orval alijaribu kukumbuka. Alikuwa amepiga namba ya kwenye kadi ya bima tena na tena, na kila mara simu ilipokelewa na sauti nyingine, zote za upole.

— Jina hawakunitajia, mama, akasema mwishowe. Walinitakia siku njema tu.