Mbonile Hakunyanyua Kabla ya Kuitikiwa

Marehemu Mbonile Nathanaeli alizaliwa hapa Nanyala mwezi wa Machi 1908. Shule ya misheni alisoma miaka miwili tu; alimvunja jino mwenzake aliyemwibia kiazi, akafukuzwa. Mwenye jino hilo, mzee Enoka, yupo hapa msibani, na hata leo anasema kiazi chenyewe kilikuwa kibichi.

Kazi yake ilikuwa kupakia na kushusha mizigo mizito, kwanza kwenye shamba moja la kahawa. Mwaka 1937 walikuwa wakishusha mashine ya kumenyea kahawa. Msimamizi aliwacharaza viboko wafanye upesi, wakanyanyua kabla Yonasi, mdogo wake Mbonile, hajashika sawasawa. Mashine ikamponda kifua, akafa. Mbonile alimtoa kwa mikono yake, damu mpaka viwikoni.

Tangu hapo, kabla ya kunyanyua Mbonile alikuwa akiita, "Mmeshika?" na kila mtu akijibu kwa kutaja jina lake. Mmoja akinyamaza, mzigo haukuondoka. Aliyejitia haraka alikula kofi akaona nyota mchana. Jamani, waliokula makofi hayo wamejaa hapa, na migongo yao mizima!

Mwaka 1939 alimwoa Ferista. Hata ndoo ya maji alimwitia, "Umeshika?" Ferista naye alikuwa akimjibu, "Nimeshika, baba Lusubilo, nitwike basi, jua linazama!"

Hakuugua. Tarehe 9 Novemba 1953, huko Tunduma, mvua ikinyesha, walikuwa wakishusha injini ya kinu juu ya mbao zenye matope. Akaita. Abrahamu wa Ndalambo, mpakiaji mwenzake, alikuwa ameteleza, hakuitikia.

"Nyanyueni!" msimamizi wa hapo akafoka.

"Mmoja bado, bwana."

Kiboko kikamchana uso. "Nyanyueni, mbwa ninyi!"

"Piga tu. Hawanyanyui."

Alipigwa mpaka akapiga magoti, na hakuna aliyenyanyua. Ndipo msimamizi akaing'oa kwa hasira kabari iliyoizuia injini isiteleze. Jina lake hatulitaji mbele ya kaburi. Injini ikaserereka, Mbonile akamsukuma Abrahamu pembeni, ikamlalia yeye.

Wenzake walipoinama kumtoa, akauliza kutoka chini ya chuma, "Mmeshika?" Wakaitikia mmoja mmoja wakilia. Wa mwisho alipotaja jina lake, Mbonile alikuwa amekwisha fariki.

Ameacha mjane, Ferista. Watoto Lusubilo, Tabita, Fides na Nesta. Na dada yake, Yunisi.

Wabebaji, jeneza lisiguswe kwa pupa. Abrahamu ataita, na kila mmoja ataitikia kwa jina lake. Mungu amtue mzigo, apumzike.